Leza itazinyoosha taa za wavuvi? Jibu kwa mwalimu wa Nansio

Swali la msomaji:

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Nina miaka 29 na navaa miwani tangu kidato cha pili. Karatasi yangu ya sasa inasema jicho la kulia -4.50 na -0.75 kwa mhimili 170. La kushoto -4.75 na -1.75 kwa mhimili 40. Miaka miwili iliyopita hilo la kushoto lilikuwa na -1.00 kwa mhimili 15. Nikiwa melini kuja Mwanza miwani inalowa, nikiivua sioni hata uso wa jirani. Usiku taa za wavuvi wa dagaa naziona zina mikia, hata nikiwa nimevaa miwani. Tangu utoto macho huniwasha sana wakati wa kiangazi, na kuyasugua ndiyo nafuu yangu. Rafiki yangu alifanyiwa leza Nairobi, sasa havai kitu. Na mimi nikifanya, nitaona kwa kiwango gani? Na hii astigmatizimu itaisha kabisa au itabaki?"

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Maswali mawili ya mwisho nitayajibu yote, maana ndiyo uliyoyaleta. Lakini kilichonikalisha kitako ni mambo uliyoyataja kwa kupita tu: namba ya jicho la kushoto inayopanda, mhimili uliohama, taa zenye mikia hata ukiwa na miwani, na kule kusugua. Nitayarudia huko mbele, na naomba ukifika hapo usome polepole.

Tuanze na kiwango cha kuona. Matokeo ya leza kwa watu wasioona mbali ni mazuri, na sioni sababu ya kukuficha. Mapitio makubwa ya tafiti za LASIK ya kisasa (moja ya njia tatu za leza nitakazozieleza huko mbele), yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta kwamba macho 99.5 katika kila 100 yalifika 6/12 au zaidi bila miwani, na macho 90.8 katika 100 yalifika 6/6 au zaidi. Macho 98.6 katika 100 yalibaki ndani ya daiopta 1 ya namba iliyokusudiwa (daiopta ndicho kizio cha namba za miwani), na 90.9 yalibaki ndani ya nusu daiopta. Waliopoteza mistari miwili au zaidi ya chati ya herufi kutoka uoni wao bora wa awali hawakufika hata jicho 1 katika 100.

Hizo sehemu za 6 ni zile unazoandikiwa kliniki. Ukiwa 6/6, unasoma kutoka mita 6 herufi ambayo jicho zima linaisoma kutoka mita 6. Ukiwa 6/12, inabidi usogee hadi mita 6 kusoma kile ambacho jicho zima lingekisoma likiwa mita 12. Wewe leo, ukivua miwani, kitu unachokiona bila ukungu hakivuki sentimita 20 kutoka puani. Ndiyo maana uso wa jirani unapotea melini. Kutoka hapo hadi 6/6 ni mabadiliko ya maisha, na furaha ya rafiki yako naielewa vizuri.

Ila kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Asilimia hizo ni za macho yaliyochujwa. Kabla ya mtu kulazwa chini ya mashine, macho yake yamepimwa, na yenye konea (kile kioo angavu cha mbele ya jicho) nyembamba, umbo lisilo la kawaida au namba isiyotulia yamerudishwa nyumbani. Kwa hiyo takwimu nzuri za leza ni sifa ya mashine na ni sifa ya mchujo pia, na mimi naona mchujo una haki ya kupewa nusu kubwa. Swali lako la kweli ni kama jicho lako la kushoto limo katika kundi ambalo asilimia hizo zinalihusu.

Chati ya herufi nayo haisemi kila kitu. Herufi nyeusi juu ya ubao mweupe, ndani ya chumba chenye taa, ni mtihani mwepesi kuliko bandari ya Nansio saa mbili usiku. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, ilishirikiana na taasisi ya taifa ya macho na wizara ya ulinzi kuwauliza wagonjwa wenyewe wanaonaje, katika tafiti zilizoitwa PROWL ambazo zilichapishwa mwaka 2017. Zaidi ya watu 95 katika 100 waliridhika na uoni wao. Lakini miongoni mwa wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na tatizo lolote la kuona mng'ao, duara kuzunguka taa au vivuli, hadi 46 katika 100 walikuwa na angalau moja la matatizo hayo miezi mitatu baadaye, na duara kuzunguka taa ndilo lililoongoza. Miongoni mwa wasiokuwa na ukavu wa macho, hadi 28 katika 100 waliupata. Kwa haki, niongeze kwamba wengine waliokuwa na matatizo hayo tangu mwanzo walipungukiwa nayo, na waliosema yanawazuia sana shughuli zao za kawaida hawakufika 1 katika 100. Mtu anaweza kusoma mstari wa 6/6 na bado akaona kila karabai ya mvuvi imevaa pete ya mwanga. Kwa mwalimu anayelala mapema pete hiyo si kitu. Nahodha anayeingiza chombo gatini usiku ataihesabu tofauti.

Sasa astigmatizimu. Kwenu kisiwani si vigumu kuieleza. Simama pembeni ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni ili upakwe lami. Ukipitisha mkono kwa upana wake, kutoka ubavu hadi ubavu, mbinuko ni mkali. Ukipitisha kwa urefu, kutoka omo hadi tezi, mbinuko ni mpole. Konea ilitakiwa iwe na mbinuko ulio sawa pande zote. Ikiwa na astigmatizimu ni kama tumbo la mtumbwi: mwanga unaopita kwa upana unakutana mahali pengine na ule unaopita kwa urefu. Nukta ya taa haibaki nukta, inavutika kuwa mstari. Kwenye karatasi yako, -1.75 ndiyo tofauti ya mbinuko huo, na mhimili 40 ndio mwelekeo ambao mtumbwi umelala.

Leza inachofanya ni kuusawazisha mtumbwi huo. Mwanga wake ni wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, usiounguza bali unaoondoa tishu tabaka kwa tabaka, nyembamba kuliko unavyoweza kuwazia. Watafiti wa IBM huko Marekani waligundua uwezo huo mwaka 1981 walipoujaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Miaka miwili baadaye daktari wa macho Stephen Trokel akashirikiana na mmoja wao, Srinivasan, kuonyesha kwamba unaweza kuchonga konea. Kwa asiyeona mbali, leza hutoa tishu zaidi katikati ili konea ilale kidogo. Kwa mwenye astigmatizimu hutoa zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Na hapo ndipo mwelekeo unapokuwa na thamani ya dhahabu. Mtu akilala chali, jicho lake huzunguka kidogo ndani ya tundu lake. Kwa wengi ni digrii 2 hadi 4, kwa wachache huzidi 10. Vipimo vyako vilichukuliwa ukiwa umeketi, leza itapigwa ukiwa umelala. Ikikosea mwelekeo kwa digrii 10, theluthi ya astigmatizimu yako inabaki: katika -1.75 utabaki na -0.60 hivi, na umeshalipa. Ikikosea kwa digrii 30 hujapunguza chochote, umehamisha mtumbwi tu kutoka mwelekeo mmoja kwenda mwingine. Ndiyo sababu daktari makini humwekea mgonjwa alama za wino kwenye weupe wa jicho akiwa bado ameketi, au hutumia mashine inayosoma michirizi ya duara la rangi linalozunguka mboni na kujirekebisha yenyewe. Ukifika siku hiyo, waulize wanatumia njia gani kati ya hizo. Daktari anayelijua jambo hili hatakasirika kuulizwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili: astigmatizimu ya kawaida, iliyonyooka na iliyotulia, ya kiasi kama chako, leza huiondoa karibu yote. Mabaki ya nusu daiopta ni ya kawaida na wengi hawayahisi. Ila nimesema ya kawaida, iliyonyooka na iliyotulia. Yako sina hakika kama ni ya namna hiyo.

Tazama tena namba zako. Miaka miwili iliyopita jicho la kushoto lilikuwa -1.00 kwa mhimili 15. Leo ni -1.75 kwa mhimili 40. Una miaka 29, umri ambao macho ya wengi yameshatulia. La kulia liko -0.75, kwa hiyo macho yako mawili yanaanza kuachana. Taa zina mikia hata ukiwa umevaa miwani, wakati miwani sahihi ilipaswa kuikata mikia hiyo au walau kuifupisha sana. Na unasugua macho tangu utoto.

Kimoja kimoja, vitu hivi vina maelezo mepesi. Pengine mpima macho wa kwanza alikuwa na haraka. Pengine miwani yako imepinda fremu. Lakini vikija vyote pamoja, daktari wa macho anawaza ugonjwa mmoja kwanza: keratokonasi. Hapo konea hudhoofika na kuwa nyembamba, kisha, kwa kuwa jicho lina msukumo wa ndani, sehemu ile dhaifu inachomoza taratibu kama ncha ya pia. Astigmatizimu inayotokana na hali hiyo haina umbo la mtumbwi uliochongwa vizuri. Ni mtumbwi wenye uvimbe upande mmoja, na hakuna kioo cha miwani kinachoweza kuufuata uvimbe huo. Kusugua macho kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, kunahusishwa sana na ugonjwa huu, na watoto wenye aleji ya macho ndio wanaosugua kuliko wote. Hapa kwetu aleji hiyo ni nyingi. Nimewaona watoto wamekaa kwenye benchi la kliniki, weupe wa macho umegeuka rangi ya udongo, vifundo vya vidole vinazunguka juu ya kope bila kupumzika, na mama amechoka kuwakataza.

Sisemi unao. Kwa barua siwezi kusema, na daktari atakayekuambia unao bila kukupima usimsikilize. Ninachosema ni kwamba kwako leza haiwezi kuwa hatua ya kwanza. Konea dhaifu ukiipunguza unene kwa leza, unaiondolea kilichokuwa kinaizuia isichomoze. Jicho lililofika 6/6 wiki ya kwanza linaweza kuanza kuporomoka miezi au miaka baadaye, na hapo miwani haisaidii tena. Mgonjwa wa namna hiyo nilishampokea. Alifanyiwa mbali na hapa, sitasema wapi. Alikuja na karatasi ya kumsifu daktari na jicho lisiloweza kusoma ubao. Nilipomuuliza kama walimchora ramani ya konea kabla ya upasuaji, alinijibu kwamba walimpima "kwa kompyuta". Kompyuta ya namba za miwani na ramani ya konea ni vitu viwili tofauti, Mwalimu. Ile ya kwanza hukuonyesha picha ya nyumba ndogo au puto na kutoa namba kwenye kikaratasi. Hii ya pili hupima mbinuko wa konea kwenye maelfu ya nukta, mbele na nyuma, na unene wake kila mahali, kisha hutoa picha ya rangi, buluu palipolala na nyekundu palipochomoza. Bila picha hiyo, ya macho yote mawili, usikubali mtu yeyote akuguse na leza.

Anzia kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando hapa Mwanza, au ya Sekou Toure kama ndiko rahisi kwako, na uulize ramani hiyo inapimwa wapi. Ukitumwa Moshi au Dar es Salaam, nenda. Hata kabla ya mashine kubwa, mpima macho mzoefu mwenye kifaa cha kumulika mboni anaweza kuona dalili: kwenye konea iliyochomoza, mwanga unaorudi hufunguka na kufunga kama mkasi. Mwambie maneno haya haya: "Nasugua macho, na namba ya kushoto inapanda, naomba uniangalizie keratokonasi." Atakuelewa.

Na ikikutwa ipo? Kuna tiba ya kuisimamisha, iliyoanzia Dresden, Ujerumani, na matokeo yake ya kwanza kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka 2003. Konea hulowanishwa kwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale maalumu ya urujuanimno ili nyuzi zake zikazane. Lengo ni kuzuia isiendelee. Uoni uliokwisha kupotea haurudi wote, ndiyo maana kuwahi ni muhimu kuliko kitu chochote. Baada ya hapo lenzi ngumu za kuvaa jichoni huweza kukupa uoni ambao miwani ilishindwa kukupa, kwa sababu hufunika ule uvimbe kwa uso laini mpya.

Ila lipo jambo la kufanya leo, bila kusubiri nauli: acha kusugua. Najua ninachoomba si kidogo, kwa maana mwasho wa macho hauna adabu. Macho yakiwasha, weka juu ya kope zilizofumba kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa kisha yakapoa. Daktari akuandikie matone ya aleji ya kutumia kila siku msimu mzima, usisubiri mwasho uanze. Na tafadhali usijinunulie dukani yale matone "ya kuondoa wekundu" bila kujua kilichomo. Baadhi yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Hayo yanatuliza ndani ya siku moja tu, ndiyo maana watu huyapenda, na yakitumiwa miezi mfululizo hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho kwa kijana wa miaka 25. Hili huniuma kila ninapoliona, kwa kuwa lingeweza kuepukwa lote.

Tuseme sasa ramani imetoka safi. Konea zote mbili zina umbo jema, na ile -1.00 ya zamani ilikuwa kosa la upimaji. Basi bado kuna hesabu moja ninayotaka uweze kuifanya mwenyewe.

Kwa kipenyo cha kuchongwa cha milimita 6, kila daiopta 1 inakula takriban maikroni 12 za konea. Maikroni ni elfu moja ya milimita. Jicho lako la kushoto lina -4.75, na upande mkali unaongezeka -1.75, jumla daiopta 6.50. Zidisha kwa 12 upate maikroni 78. LASIK nayo hukata kwanza kifuniko chembamba cha juu cha maikroni 110 hivi, kinachofunuliwa kama ukurasa kisha kurudishwa. Kinashika, lakini nguvu yake kwa konea hairudi kama zamani. Jumla ni 188. Kama konea yako ina maikroni 520, chini hubaki 332, na umegusa asilimia 36 ya unene. Madaktari wengi hawataki kubakiza chini ya 300, na wakiona umevuka asilimia 40 huanza kusita. Kwa hiyo 520 inakutosha. Kwa 490 utabakiwa na 302, ukingoni kabisa.

Na hapa hesabu inagongana na zile taa za usiku. Gizani mboni hupanuka. Ikipanuka kuliko eneo lililochongwa, mwanga hupita pembezoni pasipochongwa, na ndiyo moja ya sababu za zile pete. Dawa yake ni kuchonga eneo pana zaidi, lakini kipenyo kikiwa milimita 6.5 kila daiopta inakula maikroni 14 na ushee, nawe unafika 92 badala ya 78. Jumlisha na 110 za kifuniko upate 202; kwa konea ya 490 hiyo ni asilimia 41. Mwenye konea nyembamba na mboni kubwa anaambiwa achague kati ya usiku mzuri na konea imara. Mimi ningemshauri abaki na miwani yake, na sioni hilo kama kushindwa.

Zipo njia tatu kubwa, na kwa mtu kama wewe sizioni kuwa sawa. LASIK hukupa uoni wa kazini kesho yake, ila kifuniko chake na mkono unaosugua havipatani kabisa. SMILE hukata kijilenzi ndani ya konea na kukitoa kwa tundu la milimita chache, bila kifuniko. Ni nzuri kwa asiyeona mbali, lakini kwa astigmatizimu mashine za mwanzo zilimwachia daktari mwenyewe kazi ya kulinganisha mwelekeo, na Marekani iliruhusiwa kwa wenye astigmatizimu mwaka 2018, miaka miwili baada ya kuruhusiwa kwa wasio nayo. PRK, ambayo ndiyo kongwe, huondoa ngozi ya juu tu ya konea na kuchonga hapo hapo. Inauma siku 3 za mwanzo, uoni hutulia kwa wiki kadhaa hadi miezi, lakini mwisho wa safari matokeo yake hufanana na ya LASIK, na hubakiza konea nene zaidi: kwako, kwa ile ya 490, chini hubaki 360 hivi badala ya 302, hata ukitoa ngozi ya juu. Ramani ikiwa safi, aleji ikiwa imetulizwa na namba ikiwa haijasogea zaidi ya nusu daiopta kwa miezi 12, mimi ningekuelekeza PRK.

PRK kwa mtu wa Ukerewe ina masharti yake. Mko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na jua la ziwani hukupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Jua kali miezi ya mwanzo linaweza kuchangia ukungu kwenye konea inayopona, kwa hiyo miwani ya jua inayozuia urujuanimno na kofia pana ni sehemu ya dawa. Usiogelee ziwani wala kunawa uso kwa maji ya ziwa kwa wiki kadhaa, mpaka daktari akuruhusu. Maji hayo yana vijidudu ambavyo kwenye konea yenye kidonda ni janga. Na siku za mawingu ya nzi wa ziwani baki ndani. Anayefungua jicho bichi mbele ya wingu lile ataingiwa, na akiingiwa atasugua. Ningekushauri uchague likizo ndefu, ukae wiki ya kwanza karibu na daktari wako, usikimbilie meli ya kurudi siku ya tatu. Baada ya PRK utapewa matone yenye steroidi kwa muda. Hayo ni halali kwa kuwa yana mwanzo na mwisho, na presha ya macho hupimwa katikati. Yakiisha usiyaongeze mwenyewe.

Mambo ambayo leza haitayagusa nayataja haraka. Jicho lako ni refu kuliko kawaida, ndiyo maana huoni mbali, na litabaki refu hata ukisoma 6/6. Retina yake, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, imevutika, na ukiona miale ya ghafla, mvua ya vijidoa vyeusi au pazia linashuka pembeni, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika miaka 40 na kitu utahitaji miwani ya kusahihishia madaftari kama wenzako wote. Mwenzako wa makamo, yule anayevua miwani ya -2.50 ili asome karatasi ya mtihani, angefanya leza leo angepoteza neema hiyo kesho, na ni haki yake aambiwe kabla.

La mwisho katika hayo ni karatasi. Konea iliyochongwa hudanganya kipimo cha presha ya macho, kikasoma chini kuliko ilivyo, na sisi Waafrika tuna presha ya macho nyingi. Tena ukizeeka na kupata mtoto wa jicho, daktari atakokotoa lenzi ya kukuwekea kwa kutumia mbinuko wa konea yako, na kama hajui ulikuwaje kabla ya leza anaweza kukosea. Kwa hiyo ukifanyiwa, omba nakala ya ramani, unene na namba za kabla na za baada, uzihifadhi pamoja na vyeti vyako vya shule.

Ukija Mwanza kwa uchunguzi usije na miwani unayovaa peke yake. Pekua kabatini utafute ile ya miaka miwili iliyopita, na ya kabla ya hapo, hata kama imevunjika mguu au kioo kimeota mikwaruzo. Kuna kifaa kidogo cha kusomea namba iliyomo ndani ya kioo. Tutaweka miwani zako zote mezani kwa mpangilio wa miaka, tuzisome moja moja, ndipo tutajua kama jicho la kushoto limekuwa likihama kweli au ni karatasi tu iliyoandikwa vibaya.